Kupunguza hali si kung'oa miche

Juzi tena, kwenye semina hapa Mbeya, kijana mmoja alieleza kwamba "amepunguza hali" za modeli yake: zile zinazotokea kwa nadra amezifuta zote. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyamaza, kipaza sauti kilikuwa mbali.

Maana yenyewe ni fupi. Katika modeli iitwayo mnyororo wa Markov, mfumo huhama kutoka hali moja hadi nyingine kwa uwezekano fulani. Hali zikiwa nyingi mno, tunazipanga katika mafungu, na kila fungu linahesabiwa kuwa hali moja. Basi.

Kosa, nadhani, linatoka kwenye neno. "Punguza" ni "pungua" iliyotiwa z ya kusababisha, na ukoo wake ndio uliotupa "upungufu": upungufu wa damu, upungufu wa chakula. Huku kwetu mkulima akisema anapunguza mahindi, ujue anang'oa miche iliyobanana. Sasa mtu akiambiwa apunguze hali, naye anang'oa. Lakini mama wa soko la Mwanjelwa aliyepanga viazi 50 katika mafungu 10 hajapoteza hata kiazi kimoja. Kilichopungua ni kazi ya kuhesabu.

Chukua mashine 10 za kukoboa mpunga kule Ubaruku, kila moja ama nzima ama mbovu. Ukizifuatilia moja moja, una michanganyiko 1,024 ya nzima na mbovu, yaani hali 1,024. Kama kila moja huharibika na kutengenezwa kivyake, kwa uwezekano uleule, inatosha kujua nzima ni ngapi: 0 hadi 10, hali 11. Hakuna kilichotupwa, na jibu la idadi hiyo ni kamili.

Sharti lipo, wanahisabati Kemeny na Snell waliliandika mwaka 1960. Hali zote za fungu moja ziwe na jumla ileile ya uwezekano wa kwenda kila fungu jingine. Lile fungu lenye viazi vikubwa juu na vidogo chini (wauzaji wake wanajijua) halifai. Mashine moja ikiwa kuukuu, itenge peke yake: hali zake 2 mara hali 10 za zile tisa (nzima 0 hadi 9), jumla hali 20.

Kufuta hali adimu nako ni mbinu halali, ila jibu linakuwa la kukadiria, na uwezekano uliotupwa lazima uutolee hesabu. Tena huenda ile hali adimu, mashine zote kufa kwa pamoja, ndiyo hasa mwenye mashine alikuja kuiulizia. Kwa hiyo, kijana wangu, kazi yako si mbaya. Iite tu kufuta.