Kuchanganya nishati: mtungi umeingia, mkaa haujatoka

Uani kwa watu, Dar es Salaam, mtungi wa gesi wa kilo 6 umesimama ukutani. Hatua mbili kutoka hapo kuna jiko la mkaa, na juu yake maharage yanatokota tangu saa nne. Ukimuuliza mama mwenye nyumba anapikia nini, utapata majibu zaidi ya moja. Chai ya asubuhi na mayai ni gesi. Maharage ni mkaa. Maji ya kuoga yanabandikwa kwenye makaa yaliyobaki maharage yakishaiva. Huku ndiko kuchanganya nishati: kaya moja kupikia nishati mbili au tatu kwa kipindi kilekile, kila moja ikiwa na kazi yake.

Wataalamu walizoea kuielezea safari ya nishati kama ngazi. Chini kuni, kisha mkaa na mafuta ya taa, juu gesi na umeme. Kipato kikiongezeka, mtu anapanda na kuacha alichokuwa anatumia. Mwaka 2000, Omar Masera na wenzake waliotazama vijiji vya Mexico walionyesha kuwa mambo hayaendi hivyo. Watu waliongeza gesi, lakini kuni hawakuziacha, hasa kwa kuchoma tortilla, ile mikate yao ya mahindi. Kwetu tortilla ni wali wa kupalia. Makaa juu ya mfuniko, makaa chini, na ukoko wa kugombaniwa na watoto: gesi hiyo kazi haiiwezi. Na ugali wa watu wanane, mtu anausonga kwa nguvu zote juu ya sufuria iliyokaa kichwani mwa mtungi mdogo unaoyumba? Atarudi kwenye jiko la chini.

Lakini ladha ni sehemu ndogo. Kubwa ni namna hela inavyoingia nyumbani. Familia nyingi huishi kwa hela ya matumizi inayoachwa mezani asubuhi. Hela hiyo inanunua kopo la mkaa kwa muuzaji wa jirani, tena hata kwa mkopo hadi jioni. Kujaza mtungi wa kilo 6 kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Ukijumlisha makopo ya mwezi mzima huenda mkaa ukawa ghali kuliko gesi, na mama anaijua hesabu hiyo kuliko anayemfundisha. Tatizo ni kwamba hela ya mwezi mzima haimfikii mkononi siku moja. Halafu mtungi hauonyeshi kilichobaki. Unautikisa, unaumwagia maji ya moto uone ubaridi umeishia wapi, na bado gesi inakata mchuzi ukiwa nusu. Bila jiko la mkaa pembeni, siku hiyo mnalala na njaa. Ndiyo maana huduma kama M-Gas ya Kenya, ambapo mtungi una mita na mtu analipia kidogo kidogo kwa simu, zimegusa panapouma.

Umeme nao una hesabu yake. Tanzania, mteja mdogo wa nyumbani ananunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Basi hata mwenye presha kuka ya umeme, inayoivisha maharage kwa chini ya uniti moja, anaiogopa akidhani itakula LUKU yote, yaani umeme aliolipia kabla.

Serikali ya Tanzania ina mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unaotaka asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia, na mitungi imegawiwa kwenye mikutano mingi. India ilitangulia: mpango wa Ujjwala ulioanza 2016 uliunganishia gesi mamilioni ya kaya maskini, kisha ikaonekana kuwa nyingi hazirudi kujaza inavyotakiwa. Kenya ilijifunza kwa njia nyingine. Julai 2021 ilirudisha VAT ya asilimia 16 kwenye gesi, mwaka uliofuata ikaishusha hadi asilimia 8, na 2023 ikaiondoa. Bei inapopanda, mwenye nishati mbili hahitaji kutafakari sana; anavuta jiko la mkaa karibu.

Hapo ndipo kuchanganya kunapomsaidia mpishi na kumdhuru papo hapo. Kumwita mshamba ni kutomwelewa, kwa sababu hiyo ndiyo bima yake. Ila mapafu hayajui bima. Ukipunguza mkaa kwa nusu, madhara hayapungui kwa nusu, kwa kuwa hata moshi kidogo wa kila siku unatosha kuumiza kifua, na aliyejiinamia jikoni mara nyingi ana mtoto mgongoni.

Kwa hiyo mtu akikuambia kaya fulani imehamia gesi kwa sababu ina mtungi, muulize umejazwa mara ngapi mwaka huu. Familia ya watu watano ikipika kila kitu kwa mtungi wa kilo 6, inaumaliza kwa mwezi mmoja hivi, au hata kabla. Ukidumu miezi minne, sehemu kubwa ya mapishi inafanyika kwenye jiko la mkaa pale uani.