Damu Imerudi, Ini Bado Linaumia

"Daktari, si ameshaongezewa damu? Hii manjano ya macho imetoka wapi tena?"

Juzi aliyeniuliza hivyo alikuwa mama ambaye mwanawe alipata ajali ya bodaboda, akavuja damu tumboni, presha ikashuka mno, akaingizwa tiyata usiku. Siku ya pili ALT, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia, ilisoma zaidi ya 4,000. Mama aliamini tumemwekea mwanawe damu mbaya. Hapana, mama. Homa ya ini inayoambukizwa kwa damu hujitokeza baada ya wiki au miezi, si siku mbili.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni hii: damu ikirudi, madhara yameisha. Hata baadhi ya wahudumu wenzangu huisema, presha ikipanda tu wanapumua. Kumbe kwa ini, sehemu kubwa ya madhara huanza pale damu inaporudi. Damu ikikatika, seli huishiwa nguvu na mitokondria, mitambo ya nguvu iliyo ndani ya seli, husimama. Oksijeni ikirejea kwa ghafla, mitokondria hizo humwaga molekuli kali zinazochoma utando wa seli. Seli zinazokufa huvujisha vilivyomo ndani yake, na seli za Kupffer, walinzi wanaoishi humo humo kwenye ini, huvichukulia kama dalili ya uvamizi. Zinatoa TNF, protini ya kuamsha kinga, na vichochezi vingine kuita msaada. Saa chache baadaye, na hadi kesho yake, neutrofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zimejazana, zinashambulia hata seli zilizokuwa na nafuu. Vijishipa vya ndani huvimba na kuziba, kwa hiyo mshipa mkubwa unaweza kuwa wazi huku vipande vya ini vikiendelea kukosa damu. Huo ndio mchochota, yaani kinga ya mwili kuwaka na kuvimbisha ini, ninaouhofia.

Madaktari wa upasuaji wanalijua hili. Tangu mwenzao Pringle aeleze mwaka 1908 jinsi ya kubana mishipa inayoingia kwenye ini ili kuzuia damu isimwagike, wengi wamejifunza kubana dakika 15, kuachia 5, kisha kubana tena. Ini huvumilia vipindi vifupi kuliko kubanwa mfululizo kwa muda mrefu.

Dhana nyingine ninazosikia: "Mchochota ni vijidudu, mpeni antibayotiki." Huu hauna kijidudu hata kimoja. Antibayotiki tunatoa kwa sababu ya utumbo uliopasuka, ini halihusiki.

"Alikuwa mlevi." Pombe peke yake ni nadra kuivusha AST, kimeng'enya kingine kama ALT, juu ya 500. Maelfu namna hii hutafutiwa sababu nyingine: ini kukosa damu, sumu ya dawa kama paracetamol, au virusi.

"ALT 4,000, ini limekwisha." ALT huonyesha seli ngapi zimeumia, haionyeshi ngapi zimebaki. Baada ya mshtuko wa kupoteza damu hupanda siku ya kwanza hadi ya tatu, kisha hushuka haraka. Mimi huangalia zaidi INR (kipimo cha damu kuganda), sukari, na kama mgonjwa anajua yuko wapi. Manjano huchelewa, macho yanaweza kuzidi kuwa ya njano wakati ALT inashuka.

Na mizizi ya "kusafisha ini" msilete wodini, nawaomba sana. Ini hilo halina uchafu wa kusafishwa, na kila dawa mpya ni mzigo juu ya seli zilizochoka. Nileteeni saa: alianza kuvuja damu saa ngapi, alifika hospitali saa ngapi, na njiani alimeza vidonge gani. Yule mama alikumbuka saa mbili na nusu usiku, na Panadol nne.