Mabomu ya mbali, udongo wa kwetu

"Wazungu walilipua mabomu yao huko huko, Zanzibar yanatuhusu nini?"

Yanatuhusu, ingawa kidogo. Majaribio ya nyuklia ya angani, yaliyopamba moto mwaka 1961 na 1962, yalirusha vumbi lenye mionzi juu kupita mawingu. Likazunguka dunia, likashuka na mvua. Sehemu kubwa iliangukia nusu ya kaskazini. Huku karibu na ikweta tulipata haba.

"Basi udongo wetu una sumu."

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Udongo wowote una mionzi yake ya asili, ya potasiamu-40, urani na thoriamu, hata kama bomu halijawahi kuvumbuliwa. Kwa wastani wa dunia, vyanzo vyote vya asili humpa mtu kama milisivati (kipimo cha mionzi inayompata mtu) 2.4 kwa mwaka. Vumbi la mabomu, lilipofikia kilele mwaka 1963, liliongeza kama 0.11, siku hizi ni kama 0.005. Linalobaki udongoni zaidi ni seziamu-137, dutu ya mionzi iliyotokana na mabomu, nayo hupungua kwa nusu kila miaka 30 hivi, kwa hiyo ile ya 1963 haifiki hata robo. Anayeacha konde lake kwa kuiogopa anajinyima muhogo bure.

"Minara ya simu nayo inatia mionzi ardhini."

Haitii. Mawimbi ya redio hayaufanyi udongo utoe mionzi.

"Masika ngapi zimepita, si zimeshaosha seziamu yote?"

Mvua ndiyo iliyoileta. Seziamu ikishatua hung'ang'ania chembe za mfinyanzi katika sentimita chache za juu, na haiyeyuki ovyo. Kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi, huishika barabara kuliko kichanga. Maji yakiiondoa, huondoka na udongo wenyewe: kwenye vilima vya Pemba unaomomonyoka juu huishia bondeni, kwenye mpunga.

"Ukilima unaichokoa, unajizidishia mionzi."

Kinyume chake. Aliye nje hupigwa zaidi na mionzi ya tabaka la juu. Jembe likilichanganya tabaka hilo na la chini, udongo wenyewe unakuwa kizuizi. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, kulima kwa kina kulikuwa miongoni mwa njia za kupunguza mionzi mashambani. Na kwa kuwa jembe huivuruga seziamu, wanaopima mmomonyoko kwa kutumia seziamu hutafuta kwanza uwanja tambarare usioguswa na jembe tangu miaka ile, wajue iliyoanguka ilikuwa kiasi gani, kisha ndipo wapime konde la mtelemkoni: seziamu iliyopungua huonyesha udongo uliokwenda.