Chambua hotuba kwanza, jinsia baadaye

Uchambuzi mwingi wa hotuba za wanasiasa wanawake huharibika mapema, kwa sababu mchambuzi anaanza na mzungumzaji. Akishajua ni mwanamke, upole wake anauita udhaifu na msimamo wake anauita ukali.

Mtaalamu wa balagha (sanaa ya kushawishi kwa maneno) wa Marekani, Karlyn Kohrs Campbell, alipoeleza "mtindo wa kike" alikuwa anataja mbinu: kutumia maisha ya mzungumzaji mwenyewe kuwa ushahidi, kupanda kutoka mifano midogo hadi hoja kubwa, kuzungumza na wasikilizaji kama wenzako. Mwanamume naye anaweza kuzitumia.

Mfano mzuri ni Julia Gillard, Waziri Mkuu wa Australia wakati huo, akimjibu kiongozi wa upinzani Tony Abbott bungeni, tarehe 9 Oktoba 2012. Anapanga kauli za Abbott mwenyewe kuhusu wanawake moja baada ya nyingine, kama mwendesha mashtaka. Halafu ghafla anageukia nafsi yake: nilichukizwa na hili, nilichukizwa na lile, likiwemo bango lililomwita mchawi. Ukitazama zile kauli peke yake, utasema ni mtindo wa kiume; ukitazama kuchukizwa peke yake, utasema wa kike. Nguvu ya hotuba imo katika kuunganishwa kwa vyote viwili, na hapo ndipo pa kuchimba.

Rais Samia Suluhu Hassan alifanya tofauti kabisa Dodoma, tarehe 22 Machi 2021, katika kumuaga Hayati Magufuli. Kwa waliokuwa na mashaka alisema "aliyesimama hapa ni Rais", akarudia, ndipo akataja maumbile yake ya kike. Hakusema "mimi ni Rais". Alijitaja kama mtu wa tatu, cheo kikatangulia na jinsia ikafuata, na hakuna popote alipojitetea. Maandishi hayatakuonyesha uzito wa marudio yale, kwa hiyo tafuta rekodi.

Ukifanya mwenyewe, pitia hotuba mara tatu kwa kalamu za rangi tofauti: ushahidi unatoka kwa nani, nafsi ipi inatumika (mimi, sisi, ninyi, yeye) na inabadilika wapi, nini kinarudiwa. Kisha linganisha msiba na msiba, kampeni na kampeni. Ukiweka hotuba ya mwanamke msibani kando ya hotuba ya mwanamume jukwaani, utapata "wanawake ni wapole", kumbe upole ule umeletwa na msiba.