Sukari Hupitaje Utando wa Nje wa Bakteria?

Mwambie mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akuchoree jinsi bakteria anavyopata sukari. Atachora duara, abandike pampu moja ukutani, kisha mshale wa kuingia ndani. Kwa E. coli, bakteria wa utumboni, mchoro huo umeruka nusu ya safari. E. coli ni wa kundi la Gram hasi: ana tando mbili, mmoja wa nje na mmoja wa ndani, na katikati kuna nafasi nyembamba yenye majimaji. Pampu tunazopenda kuzichora ziko kwenye utando wa ndani. Huku nje hakuna ATP, molekuli inayobeba nguvu ya seli, na hata kwenye nafasi ya kati hakuna. Nafundisha mikrobiolojia hapa Kisumu, na kila nikifika hapo lazima mmoja aulize: "Sasa Mwalimu, nguvu ya kupitisha sukari inatoka wapi?"

Utando wa nje si wavu wa kupitisha chochote. Sura yake ya nje imejaa lipopolisakaridi, kinga inayomwezesha E. coli kuota kwenye sahani ya MacConkey, yaani agari ya kuoteshea bakteria maabarani, yenye chumvi za nyongo na kristali vayoleti, vitu vinavyowazuia bakteria wengi wa Gram chanya, wasio na utando wa nje. Aliyewahi kupima maji ya kisima kilichochimbwa karibu na choo anajua atakachokikuta asubuhi: makoloni ya rangi ya waridi. Waridi hiyo inasema mambo mawili kwa mpigo. Nyongo haikumshinda bakteria, na laktosi, sukari ya maziwa, iliyokuwa kwenye agari ilimfikia, ikachachushwa, asidi ikatoka na kiashirio kikageuka rangi.

Laktosi hiyo ilipita kwenye protini za matundu, mojawapo ikiitwa OmpF. Ni mnyororo wa protini uliojikunja kwa nyuzi 16 ukawa pipa lililo wazi juu na chini, na mapipa matatu hukaa yameshikana. Katikati ya kila pipa pamebanwa, pamebaki tundu la nanomita 0.7 kwa 1.1 hivi. Molekuli yenye uzito wa chini ya daltoni 600 au karibu na hapo hupita (daltoni moja ni karibu uzito wa atomu moja ya hidrojeni). Glukosi ina 180, laktosi 342. Inapita kwa kusambaa tu, kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Na uchache huo ndio jibu la mwanafunzi wangu: pampu za ndani huiondoa sukari kwenye nafasi ya kati mara tu inapofika, kwa hiyo nje daima kuna zaidi. Nguvu inalipiwa ndani, mlango wa nje unafaidi.

Shida inakuja sukari inapokuwa haba, au inapokuwa ndefu. Chukua ugali. Amilesi, kimeng'enya cha mate na cha kongosho, huikata wanga ikawa maltozi, yaani glukosi mbili zilizoungana, pamoja na vipande virefu zaidi. Kipande cha glukosi saba kina daltoni zaidi ya 1,100, na OmpF haikiwezi. Hapo E. coli hutumia LamB, na kwangu mimi hii ndiyo protini tamu kuliko zote za utando wa nje.

LamB nayo ni mapipa matatu, ila kila moja lina nyuzi 18, na tundu lake ni jembamba kuliko la OmpF: kama nanomita 0.5 mahali palipobanwa. Inawezekanaje tundu jembamba lipitishe kitu kirefu zaidi? Tilman Schirmer na wenzake wa Basel, Uswisi, walipochapisha umbo lake mwaka 1995, jibu lilionekana. Ndani ya pipa kuna asidi amino (vipande vinavyojenga protini) sita zenye pete bapa (tairosini, triptofani na fenilalanini) zilizopangwa mfululizo zikizunguka kidogo kuelekea ndani. Pete ya glukosi ina uso usiopenda maji sana, nao hulalia pete hizo. Upande wa pili, vikundi vya hidroksili vya sukari hushikwa na asidi amino zenye chaji. Sukari husonga kama abiria anayetembea ndani ya matatu inayokimbia: hauachii mgongo wa kiti hiki kabla hajaushika wa kiti kinachofuata. Mshiko ni dhaifu kiasi cha kuachia upesi, na unatosha kuielekeza molekuli ipite kwa urefu wake, kichwa mbele.

Ushahidi upo kwa bakteria waliopoteza LamB. Maltozi ikiwa tele wanakua bila taabu, maana OmpF inatosha. Ikipungua sana, wanadumaa. Wakipewa vipande virefu, wanakaa na njaa huku chakula kikiwa kimewazunguka.

Bakteria wengine wa utumbo wana mtindo tofauti kabisa. Bacteroides, anayekula wanga iliyoshinda usagaji wetu (kiporo cha ugali kilichopoa huwa nayo zaidi), ana SusC, pipa lenye kifuniko kiitwacho SusD, na hapo nguvu huvutwa kutoka utando wa ndani kupitia protini TonB. Hilo linahitaji makala yake.

Kuwa na tundu kuna gharama. Jina LamB lenyewe linatokana na lambda, virusi vya bakteria ambavyo hunasa kwenye protini hiyo kabla ya kuingiza DNA yake. Na ampisilini, dawa ya kuua bakteria, ina daltoni 349, karibu sawa na laktosi, hivyo OmpF huipitisha pia. Klebsiella, bakteria wengine wa Gram hasi, walio sugu hospitalini wamelijibu hilo kwa njia mbili. Wengine wameacha kabisa kutengeneza matundu yao, OmpK35 na OmpK36, wakaukwepa ukali wa dawa lakini ukuaji wao ukaathirika. Wengine wameibakiza OmpK36, wakaongeza asidi amino mbili tu, glisini na aspateti, pale pale palipobanwa. Meropenemu, dawa nyingine ya kuua bakteria yenye daltoni 383, inapita kwa shida. Glukosi bado inapita.