Petroli ya chapa: unalipia nini hasa?

Petroli ya chapa ni ile inayouzwa kwa jina la kampuni kubwa ya mafuta, iwe Shell, Exxon, BP au TotalEnergies, kwenye kituo kilichopakwa rangi zake na kubeba nembo yake. Upande wa pili kuna petroli isiyo na jina kubwa: ya vituo vya wafanyabiashara binafsi, au ya maduka makubwa yaliyoweka pampu nje ya mlango. Hii ya pili aghalabu ni nafuu kidogo, na hapo ndipo ubishi wa madereva unapoanzia. Wengine huapa kwamba gari lao "linajua" mafuta mazuri. Wengine husema yote yanatoka tangi moja, na anayelipa zaidi analipia taa na matangazo.

Pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Petroli yenyewe ni ileile kwa kiasi kikubwa. Kinachotofautiana ni kemikali chache zinazotiwa ndani yake mwishoni mwa safari, na hizo ndizo zinazostahili kuulizwa bei.

Kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi hutengeneza petroli ya kutimiza viwango vya nchi itakakouzwa: okteni fulani (ustahimilivu wake ikibanwa, tutaurudia), salfa isiyovuka kikomo, wepesi wa kugeuka mvuke unaolingana na msimu. Baada ya hapo inaingia kwenye meli, mabomba na matangi yanayotumiwa na kampuni nyingi kwa pamoja. Mfano maarufu ni bomba la Colonial nchini Marekani, lililoanza kazi miaka ya 1960, ambalo mtandao wake unazidi kilomita 8,000 na hupeleka mafuta kutoka Houston, Texas, hadi eneo la New York. Kampuni ikiingiza shehena ya petroli ya kawaida upande wa Texas, huku kwingine itapokea kiasi kilekile cha petroli ya daraja lilelile, ambayo pengine imesafishwa na mshindani wake. Ni kama fedha za benki: ukiweka mji mmoja na kutoa mji mwingine, hudai upewe noti zilezile.

Njia zinaachana kwenye bohari, ghala la mafuta ambapo malori hupakia. Lori linapopakia, mtambo hudunga kipimo maalumu cha viongezi, zile kemikali chache nilizozitaja, ndani ya petroli inayopita, kulingana na nani anachukua mzigo. Lori la kampuni moja likiondoka na mchanganyiko wake, lori la kampuni nyingine linasogea palepale, linachota kutoka tangi lilelile na kupewa mchanganyiko wa kwake. Kipimo chenyewe ni kidogo, hakifiki hata asilimia moja ya ujazo. Kwa hiyo anayesema "yote yanatoka tangi moja" hajakosea, ila amesimulia safari na kuikatisha kabla ya kituo cha mwisho.

Viongezi hivyo vina kazi kadhaa, kama kuzuia kutu, lakini kinachomgusa dereva ni kusafisha. Sehemu nzito za petroli zikikutana na chuma chenye joto kali, hasa dakika zile injini imezimwa na bado inachemka, huganda na kuacha utando. Utando ukiziba tundu la nozeli, kifaa kinachopuliza petroli ndani ya injini, petroli haitoki tena kama ukungu laini. Inatoka kwa michirizi na haichanganyiki vizuri na hewa. Ukijijenga mgongoni mwa vali za kuingizia, vile vifuniko vinavyofunguka kuruhusu hewa iingie kwenye silinda, hunyonya petroli iliyokusudiwa kwenda kwenye silinda na kuvuruga mkondo wa hewa. Dalili zake kila fundi anazifahamu: gari gumu kuwaka asubuhi, linasitasita ukikanyaga mafuta, linatetemeka likiwa limesimama, na tangi linaisha upesi kuliko zamani.

Molekuli ya kiongezi cha kusafisha ina kichwa chenye naitrojeni kinachong'ang'ania uchafu, na mkia mrefu unaoyeyuka kwenye petroli. Kichwa kikishika chembe, mkia unaivuta iende na petroli ikaungue. Iliyojipatia sifa zaidi ni polietheramini, au PEA, kwa sababu inasafisha hata ndani ya chumba cha mwako, mahali ambapo viongezi vingine huishia kuongeza utando badala ya kuuondoa.

Serikali ya Marekani iliona umuhimu wa jambo hili, na kuanzia 1995 ikataka petroli yote iuzwayo nchini humo iwe na kiwango cha chini cha viongezi vya kusafisha. Kilichofuata hakikutarajiwa. Watengenezaji wa magari walilalamika kwamba baadhi ya wauzaji, waliokuwa wakitia zaidi ya hapo kwa hiari yao, sasa walishuka hadi kwenye kile kikomo cha chini na kutulia hapo. Sheria ya kuinua wa mwisho ikawateremsha wa kwanza. Ndipo mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota wakaanzisha kiwango chao cha juu zaidi kiitwacho Top Tier, na baadaye watengenezaji wengine wakajiunga. Kampuni ya mafuta inayotaka nembo hiyo lazima ipitishe petroli yake kwenye majaribio ya injini, isitumie viongezi vyenye metali, na itimize kiwango hicho katika madaraja yote ya petroli inayouza, siyo lile la bei kubwa peke yake.

Je, kuna tofauti ya kuonekana? Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kililinganisha petroli zenye kiwango hicho na zisizo nacho kwenye injini ya majaribio, kwa mwendo unaolingana na kilomita 6,400 hivi. Petroli zisizo na kiwango ziliacha utando kwenye vali mara 19 zaidi kwa wastani. Namba hiyo inashtua, na wauzaji wanaipenda, lakini ni vizuri kukumbuka inapima nini. Inapima uchafu uliobaki kwenye vali, haipimi fedha zilizotoka mfukoni. Kwa upande wa mfuko, AAA walieleza kwamba matumizi ya muda mrefu ya petroli isiyo na viongezi vya kutosha yanaweza kupunguza ufanisi wa mafuta kwa asilimia 2 hadi 4. Tofauti ya bei waliyoikuta wakati huo ilikuwa wastani wa senti 3 tu za dola kwa galoni.

Sasa hesabu inawezekana, kwa fedha yoyote. Chukua bei ya petroli isiyo na jina kuwa 100. Ikiwa yenye viongezi vizuri ni 101 au 102, unalipa karibu na kile ambacho injini chafu ingekula, na unapata injini safi juu yake. Lipa bila kusononeka. Ikiwa ni 107 au 108, hesabu imeshakataa, kwa kuwa hata ile hasara ya juu kabisa ya asilimia 4 haifiki hapo. Hapo katikati ni suala la gari lako na umri wake, na mimi ningeangalia kwanza kitabu cha gari kinasemaje.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni kwamba jina kubwa na viongezi vizuri ni vitu viwili. Costco, duka la jumla la Marekani linalojulikana kwa bei ya chini, linauza petroli yenye kiwango cha Top Tier. Anayepita pampu zake kwa kuamini kwamba rahisi ni hafifu amelipa zaidi kwingine bila kupata cha ziada. Kituo chenyewe nacho, pamoja na rangi zote zile, mara nyingi ni mali ya mfanyabiashara wa kawaida aliyeingia mkataba na kampuni ya mafuta. Nembo inamfunga kuuza mafuta yenye viongezi vya kampuni hiyo, na kwa kawaida haimaanishi zaidi ya hapo. Basi ulizia kiwango kabla hujaulizia jina. Kampuni zenye kitu cha kuonyesha hukitangaza kwenye pampu au kwenye tovuti yao.

Mkanganyiko mwingine, ambao kwa maoni yangu ndio unaopoteza fedha nyingi zaidi, ni kuchanganya petroli ya chapa na petroli ya daraja la juu. Okteni hupima jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati wake, ule mgongano unaosikika injini ikizidiwa mlimani. Kipimo kiliwekwa kwa kutumia vimiminika viwili: isookteni ilipewa 100 na heptani ikapewa 0. Hakuna mahali popote katika kipimo hicho panapotajwa usafi, wala nguvu iliyomo ndani ya lita. Injini iliyobuniwa kwa okteni ya kawaida ikipewa ya juu haiendi mbali zaidi kwa namna ya kuhesabika. Iliyobuniwa kwa okteni ya juu ni habari nyingine: ipe inachotaka, vinginevyo kompyuta yake itachelewesha cheche ili kuzuia mgongano, na utalipia kwa nguvu na kwa mafuta. Kuna kampuni zinazotia viongezi vingi zaidi katika daraja lao la juu, na hilo ndilo linalozidisha mkanganyiko.

Tahadhari kwa anayesafiri na kulinganisha namba: 87 ya pampu za Marekani inakaribiana na 91 ya nchi zinazotumia RON, namna nyingine ya kupima okteni. Namba ndogo pale haimaanishi mafuta duni.

Halafu kuna magari mapya, ambayo yameharibu hadithi hii nzuri kidogo. Katika injini za zamani nozeli hupuliza petroli nyuma ya vali ya kuingizia, hivyo kila mpulizo unaiosha vali. Injini nyingi za sasa hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Vali haiguswi na tone, na utando unaojijenga pale, mwingi wake ukitokana na mvuke wa oili ya injini, hauwezi kuondolewa na petroli ya kampuni yoyote duniani. Mafundi hulazimika kufungua na kuupulizia unga wa maganda ya jozi hadi chuma kionekane. Viongezi bado vinasaidia nozeli za injini hizo, ambazo zinakaa ndani ya moto wenyewe na zinachafuka haraka, lakini ahadi ya vali safi haiwahusu wenye magari ya aina hiyo. Baadhi ya watengenezaji wameweka nozeli za aina zote mbili katika injini moja, na kuosha vali ni mojawapo ya faida za kufanya hivyo.

Kuna hali moja ambapo jina lina uzito wake hata kabla ya kufikiria viongezi: pale ambapo petroli huchanganywa na mafuta ya taa, au matangi ya chini ya ardhi huingia maji. Mafuta ya taa hushusha okteni na kuacha masizi; maji hutuama chini ya tangi na kuingia kwenye mfumo kiwango chake kikipanda. Kampuni kubwa ina cha kupoteza ikikamatwa, na mara nyingi ina ratiba ya kukagua matangi. Bado, kituo kisicho na jina kinachouza sana, mafuta yake yasikae siku nyingi, ni salama kuliko chenye jina kilicholala. Na popote ujazapo, ukikuta lori linashusha mafuta, subiri au pita, kwa sababu mashapo ya chini ya tangi yanavurugwa wakati huo.

Anayenunua petroli nafuu hajafungwa maisha. Utando unapungua ukihamia kwenye petroli yenye viongezi vya kutosha. Katika jaribio lilelile la AAA ulipungua kwa asilimia 45 hadi 72 ndani ya kilomita 8,000 hivi. Njia ya mkato ni chupa ya kisafishio chenye PEA. Soma kibandiko, kwa sababu chupa nyingi za bei rahisi hazina kitu hicho, na umimine ndani ya tangi kabla ya kujaza, kwa kipimo kilichoandikwa, ili petroli inayoingia ikichanganye vizuri. Kama gari limeanza kusitasita muda mfupi tu baada ya kutoka kituoni, usihangaike na chupa. Utando hauji kwa saa moja. Huko tafuta maji, na risiti yako.