Baridi Haina Meno: Dhana Potofu Kuhusu Panya na Miti ya Matunda

Mwezi wa nne, theluji ilipoyeyuka nyuma ya nyumba yetu hapa Maine, Marekani, mtufaha wangu wa miaka mitatu ulikuwa umevaa pete nyeupe shinani, upana wa kiganja. Jirani yangu, mzee kutoka Bukavu, akainama, akatazama, akatoa hukumu: "Ni baridi hiyo, mwanangu. Imebandua gome."

"Ni baridi"

Nilimwamini mpaka nilipopiga magoti. Baridi ikipasua mti, ufa hushuka wima, mara nyingi upande wa kusini-magharibi unaopigwa na jua la alasiri. Hapa kulikuwa na vijifereji vya milimita 3 hivi, vimepishana huku na huku kama aliyechora alikuwa na haraka. Hayo ni meno. Mwenyewe ni panya mfupi, mnene, mkia kama umekatwa. Wamarekani humwita vole.

"Majira ya baridi panya wamelala"

Wapo wanyama wanaolala, huyu hayumo. Hewa ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, chini ya theluji nene, pale inapokutana na udongo, joto hubaki karibu na sifuri. Panya huchimba vichochoro humo na kujitafutia, bundi na mbweha wasimwone. Nyasi zikipungua, hugeukia gome. Kwa hiyo theluji nyingi kwake ni neema, na paka wako aliyejikunja kando ya hita hana la kufanya.

"Basi ni fuko"

Kosa hili ni letu hasa, sisi tuliotoka Afrika. Nilikokulia, chini ya Kilimanjaro, fuko ana meno ya mbele marefu na hula mizizi na viazi vitamu, kwa hiyo nikiona kichuguu cha udongo nashika jembe. Fuko wa hapa ni mnyama mwingine, tumempa jina tu: chakula chake ni minyoo na wadudu. Mtego nilionunua kwa ajili yake bado uko stoo.

"Amekula kidogo, mti utapona"

Tatizo si kiasi, ni pete. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome la ndani. Gome likiliwa mzunguko mzima, mizizi hufa njaa, ingawa maji yanaendelea kupanda kupitia mbao ya ndani ya shina. Ndiyo maana mtufaha wangu ulitoa maua mwezi wa tano nikashangilia, na mwezi wa nane majani yakawa manjano. Kupaka jeraha rangi hakusaidii, maana rangi haibebi sukari. Kikibaki hata kipande cha gome kinachounganisha juu na chini, kuna tumaini. Pete ikiwa kamili, dawa ni kubebesha: unakata vijiti vilivyoota mwaka jana kabla havijachipua, unavitunza kwenye ubaridi, kisha gome likianza kuachia unavichomeka ncha moja chini ya jeraha na nyingine juu yake, kama daraja. Kazi ya subira, na haifaulu kila mara.

"Matandazo mengi yatafunika mti vizuri"

Umemjengea nyumba. Yasogeze nusu mita kutoka shinani, kata nyasi ziwe fupi, okota matufaha yaliyoanguka.

"Nitamwekea sumu"

Bundi na mwewe wakimla panya mwenye sumu, nao hudhurika. Hao ndio walikuwa wasaidizi wako.

"Waya wa kuku unatosha"

Matundu yake huwa makubwa, panya anapita. Tafuta wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, uuzungushe bila kuligusa shina, ufukie sentimita 5 hadi 8 na uache juu 45 hadi 60. Kwenye theluji nyingi ongeza urefu, kwani sungura hutumia theluji hiyohiyo kama ngazi. Mikanda ya plastiki nayo hufaa, ila ivue majira ya kuchipua, kwa sababu hutunza unyevu na kuficha wadudu. Yote haya yafanyike kabla ardhi haijaganda. Mimi hufanya mwezi wa kumi na moja.

Mzee wa Bukavu bado anasema ilikuwa baridi. Ila mwaka jana, Novemba, nilimwona akipima unene wa mpeasi wake kwa kamba ya kiatu.